Namna ya kumpata dereva wa basi la shule mjini Lubumbashi, na namna ya kumfanya abaki

Mwaka wa shule nchini Kongo hufunguliwa mapema mwezi wa Septemba, na kila mwaka zipo shule mjini Lubumbashi zinazoanza kutafuta dereva katika wiki ile ile ambayo wazazi wananunua madaftari. Anayepatikana kwa haraka hiyo mara nyingi ni mtu aliyekwisha kukataliwa na wengine, au ni dereva mzuri ambaye bado anasubiri jibu la mgodi na ambaye ataondoka Novemba, mvua zikiwa zimeanza na njia za pembeni zimegeuka matope. Shule hutafuta tena, watoto wanazoea sura nyingine, na wazazi wa Kisanga au wa Luwowoshi wanasimama barabarani alfajiri wakiulizana basi liko wapi.

Maelezo haya nayaandika kwa ajili ya wale walioshika uamuzi: promota, yaani mwenye shule ya binafsi, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, mkurugenzi wa shule ya msingi, na kamati ya wazazi ambayo hukubali au hukataa bei ya usafiri. Lubumbashi haina uhaba wa watu wanaojua kuendesha gari. Tatizo ni kazi yenyewe, kwa sababu shule nyingi zimeikata vipande: kipande cha asubuhi, kipande cha mchana, miezi kumi yenye mshahara na miezi miwili isiyo na kitu. Mtu mwenye familia hawezi kuishi kwa vipande hivyo. Ukitaka dereva abaki, ifanye kazi yake iwe kazi nzima. Mengi ya yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

Andika kwanza siku yake, saa kwa saa

Kabla ya kutangaza nafasi yoyote, chukua karatasi uandike siku ya dereva wako jinsi ilivyo kweli. Saa 11 alfajiri anachukua gari, anapima maji na mafuta, anatazama magurudumu. Saa 11 na nusu anampakia mtoto wa kwanza, huenda kule Kalebuka, na kabla ya saa 1 na nusu awe amekwisha kuwafikisha wote shuleni. Kuanzia hapo hadi saa 6 mchana hana la kufanya. Saa 6 anajiandaa kuwarudisha wadogo, anarudi kuwachukua wakubwa, na saa 9 na nusu analaza gari. Ukihesabu muda aliokuwa akilishughulikia gari utapata saa 6. Ukihesabu muda ambao siku yake ilikuwa mikononi mwa shule utapata saa 10 na nusu. Shule hutazama hesabu ya kwanza inapopanga mshahara. Mke wake na watoto wake wanaishi ndani ya hesabu ya pili.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka kikomo cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Mimi nauhesabu muda wa kusubiri kuwa ni kazi, kwa sababu dereva aliye uani kwa shule, mbali na kwake Katuba au Rwashi, hawezi kuutumia kwa faida yake. Nafasi ile ya katikati ni fupi mno kwa mtu kwenda kutafuta riziki nyingine na ni ndefu mno kwa kukaa bure chini ya mwembe. Humo ndimo kinamozaliwa kishawishi cha kubeba abiria wa mjini kwa gari la shule, ambacho promota anakigundua siku gari linapogongwa mahali ambapo halikupaswa kuwapo.

Kuna njia mbili za kuurekebisha mpango huu. Ya kwanza ni kumpa dereva kazi ya pili ndani ya shule yenyewe, inayolingana na uwezo wake na inayolipwa: kutunza gari na kufuatilia fundi, kununua vifaa sokoni pamoja na mhasibu, kusimamia stoo, kupeleka barua benki na kwenye ofisi za serikali. Hiyo ni kazi ya kweli ambayo shule tayari inamlipa mtu mwingine aifanye, au inaiacha bila mtu na kupata hasara. Ya pili ni kumwachia nafasi ile iwe yake waziwazi: asubuhi akishawashusha watoto, gari linabaki shuleni na yeye yuko huru hadi saa 6, na mkataba unasema hivyo, ili ajue anaweza kukubali kazi nyingine bila kujificha. Njia ya kwanza ni bora. Lakini hata ya pili ni afadhali kuliko hali ya sasa, ambapo mtu hayuko kazini wala hayuko huru. Ukichagua ya kwanza, kumbuka kikomo cha saa 9: anayeanza saa 11 alfajiri hawezi kufunga siku saa 9 na nusu kila siku, kwa hiyo zamu ya mchana ya wakubwa ipewe mtu wa pili, au saa zinazozidi zihesabiwe na zilipwe.

Unashindana na nani

Promota mmoja mmoja hudhani kwamba anashindana na shule ya jirani. Washindani wake hasa ni wawili. Wa kwanza ni taksi-basi. Dereva wa taksi-basi humpelekea mwenye gari kiasi walichopatana kwa siku, na kinachozidi ni chake, mkononi, jioni ile ile. Kazi ni ya kuchosha na haina uhakika, lakini mtoto akiumwa usiku pesa ya dawa ipo. Shule inamwahidi mshahara wa mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi unakuwa tarehe 12 ya mwezi unaofuata kwa sababu wazazi hawajalipa minervali, yaani ada ya shule. Dereva anayesubiri hivyo mara tatu hurudi kwenye kituo cha taksi-basi, na mimi simlaumu.

Wa pili ni mgodi, pamoja na makampuni yanayoufanyia kazi: mabasi ya kubeba wafanyakazi, malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa, magari ya wahandisi kule Fungurume na Kolwezi. Huko kuna mshahara usiochelewa na matibabu ya familia, na shule haiwezi kuufikia mshahara huo. Isijaribu. Iangalie badala yake kile ambacho mgodi hauwezi kutoa. Kolwezi iko kilomita zipatazo 300 kutoka Lubumbashi. Mtu anayefanya kazi huko anawaona wanawe kwa zamu. Dereva wa shule hulala nyumbani kila usiku, Jumapili anasali na familia yake, na wanawe wanaweza kusoma katika shule anayoifanyia kazi.

Jambo hili la mwisho naliona kuwa silaha kubwa kuliko zote, na shule nyingi zinaiacha kabatini. Mpe dereva nafasi ya watoto wawili bila minervali, au kwa nusu ya bei, na uiandike kwenye mkataba kama haki inayoendelea kwa muda wote wa kazi yake. Darasa lenye madawati wazi halipungukiwi na kitu. Baba ambaye mtoto wake amebakiza miaka mitatu kumaliza sekondari hapo shuleni ataipima ahadi ya mgodi kwa mizani nyingine kabisa.

Nchi tajiri nazo zimekwama mahali hapa hapa, na ni vizuri kamati ya wazazi ilijue hilo kabla ya kusema kwamba ni shida ya Kongo peke yake. Mwaka 2021, jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliwaita askari wa akiba wa jimbo wawapeleke watoto shuleni, kwa sababu madereva walikosekana. Mwaka 2023, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, mpango wa njia uliobuniwa ili kukidhi uchache wa madereva ulivurugika siku ya kwanza ya masomo: watoto wa mwisho walifika nyumbani karibu na saa 4 usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Huko pia siku ya dereva imekatwa katikati, wengi hawalipwi wakati wa likizo ndefu, na mwenye leseni ya magari makubwa anapata zaidi akibeba mizigo, ambayo haipigi kelele nyuma yake.

Hesabu ya miezi 12

Julai na Agosti ndiyo miezi inayowapoteza madereva. Shule imefungwa, mshahara umesimama, dereva anapata kibarua mahali pengine, na Septemba harudi. Wakurugenzi wengi husema kwamba hawawezi kulipa miezi ambayo wazazi hawalipi. Tufanye hesabu kwa mfano, nawe utaweka tarakimu za shule yako.

Tuseme dereva analipwa dola 250 kwa mwezi na anahudumia watoto 40 kwa mizunguko miwili. Ukimlipa miezi 10 tu, mshahara ni dola 2,500. Ongeza asilimia 13 ambayo mwajiri hupeleka kwenye Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, CNSS, yaani dola 325. Jumla ni dola 2,825. Ukimlipa miezi 12, mshahara ni dola 3,000, mchango ni dola 390, jumla dola 3,390. Sasa gawanya kwa miezi 10 ya wazazi na kwa watoto 40. Katika hali ya kwanza kila mtoto anachangia kidogo zaidi ya dola 7 kwa mwezi kwa ajili ya dereva. Katika hali ya pili anachangia kama dola 8 na nusu. Tofauti haifiki dola moja na nusu kwa mtoto kwa mwezi. Iweke hesabu hiyo mbele ya kamati ya wazazi mwezi wa Juni, kwenye ubao, tarakimu kwa tarakimu. Wazazi wanaojua kwamba pesa ile inamrudisha dereva yule yule Septemba hawana ugumu sana wa kukubali. Wanachokataa ni ongezeko la bei lisilo na maelezo.

Pesa ya usafiri iwe na sanduku lake. Isichanganywe na minervali, wala isitumike kupaka chokaa madarasa kwa matumaini kwamba itarudishwa. Kila mwezi weka kando sehemu ya Julai na Agosti, sehemu ya magurudumu na breki, na sehemu ya karatasi za gari. Mshahara ulipwe tarehe moja isiyobadilika, na ukiweza uugawe mara mbili, tarehe 15 na tarehe 30, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye taksi-basi amezoea pesa ya karibu, na mwezi mzima wa kwanza humwangusha. Katika vakansi asikae bure pia: huo ndio wakati wa gari kuingia gereji, wa kukagua njia mpya, na wa likizo yake ya haki.

Gari unalompa

Dereva makini hupima kazi kwa gari. Magari mengi madogo ya abiria yaliyo Lubumbashi yametoka Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani wake uko kulia na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi huendesha upande wa kulia. Maana yake ni kwamba gari likisimama pembeni mwa Barabara ya Kasenga au ya Likasi, mlango unafunguka kuelekea katikati ya barabara, na mtoto wa miaka 6 anashuka akitazamana na malori. Hata usukani ukihamishiwa kushoto na fundi, mlango mara nyingi unabaki ulikokuwa. Dereva anayejua kazi yake analiona hilo siku ya kwanza, na anajua pia kwamba mtoto akigongwa lawama itakuwa yake.

Ukiweza, nunua gari lenye mlango upande wa kulia, hata kama utangoja mwaka mmoja zaidi. Usipoweza, fanya mambo haya bila kuyapunguza: kila kituo cha kushukia kiwe ndani ya njia ya mtaa, ua wa kanisa au wa kituo cha mafuta, kamwe kisiwe ukingoni mwa barabara kuu, na ndani ya gari awepo mtu mzima wa pili anayeshuka kwanza, anayesimama kati ya mlango na barabara, na anayemkabidhi mtoto kwa mtu anayejulikana. Watoto humwita mama wa basi au jina lingine lolote. Ninachosisitiza ni kwamba awepo kila safari na alipwe. Dereva aliye peke yake na watoto 25 hutazama kioo cha nyuma zaidi ya anavyotazama barabara, na hakuna mtu anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi akiwa na afya.

Usizidishe watoto kuliko viti. Wakati mwingine ni mzazi mwenyewe anayeomba mtoto wake akae kwenye mapaja ya mwenzake. Dereva asiachwe akatae peke yake. Ofisi ndiyo imjibu mzazi huyo, kwa maandishi.

Wapi pa kumtafuta, na namna ya kumjaribu

Anza Juni. Tangazo kwenye makundi ya WhatsApp litakuletea majina mengi na uhakika mdogo. Afadhali kwenda kwenye vituo vya taksi-basi na kuwauliza wenye magari, si madereva, ni nani analeta malipo yake bila maneno na ni nani gari lake haliendi gereji kila wiki. Wenye magari wanajua. Chama cha madereva wa Kongo, ACCO, kinaweza kuulizwa, na vilevile Ofisi ya Taifa ya Ajira, ONEM. Matangazo ya parokia na ya makanisa mengine hufika mahali ambapo simu haifiki.

Watu wa aina mbili husahauliwa. Kuna madereva waliostaafu kutoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, au Shirika la Reli, SNCC, watu waliofundishwa kazi kwa utaratibu, ambao hawataki tena safari ndefu na wanaofurahia mshahara mdogo wenye uhakika; pima macho yao na shinikizo la damu kila mwaka, kisha uwaheshimu. Na kuna wanawake. Katika migodi ya Katanga wanawake wanaendesha malori makubwa kuliko nyumba, lakini shule bado inaandika tangazo kana kwamba usukani ni wa baba peke yake. Mama anayependa kuwa nyumbani jioni na kufuata kalenda ya wanawe ana sababu nyingi zaidi za kubaki kuliko kijana anayeiota Kolwezi.

Karatasi za kudai ni leseni inayoruhusu magari yenye viti zaidi ya 8 mbali na kiti cha dereva, yaani kategoria D, cheti cha tabia njema kutoka kwa komini (manispaa), cheti cha daktari, na majina ya waajiri wawili wa nyuma ambao utawapigia simu wewe mwenyewe. Swali la kuwauliza ni moja: je, ungemrudisha kazini leo? Ukimya unaotangulia jibu una maana.

Jaribio lifanyike kwenye njia yenyewe atakayoifuata, saa 11 na nusu alfajiri, siku ya kazi, gari likiwa tupu. Kuzunguka posta na Bulevadi M'siri saa 4 asubuhi hakukuonyeshi chochote. Tazama kama anapunguza mwendo kabla ya reli hata asipoona treni, kama anatazama kioo kabla ya kufungua mlango, na anafanya nini pikipiki inapomkata mbele. Anayepiga honi na kutukana akiwa na mkurugenzi pembeni atafanya zaidi ya hayo akiwa na watoto. Halafu mwache wiki moja pamoja na dereva wa zamani, na watoto ndani, kabla ya kumkabidhi funguo.

Mkataba

Shule zinazoajiri dereva kwa siku, zikidhani kwamba zinajiepusha na wajibu, zijue sheria inavyosema: mfanyakazi wa siku aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo cha muda. Dereva wa shule hufikia siku 22 kabla ya mwezi wa Oktoba kupita. Basi mwandikie mkataba wa kweli tangu mwanzo, umsajili CNSS, ambako mwajiri huchangia asilimia 13 na mfanyakazi asilimia 5, na umwonyeshe risiti. Nimesikia madereva wa rika zote wakizungumza juu ya kuondoka, na jambo la uzee bila pensheni hurudi kila mara, hata midomoni mwa vijana.

Kisha andika yale ambayo mikataba mingi inayaacha kimya, kwa maana ugomvi hutoka humo. Nani analipa faini? Pendekezo langu ni kwamba faini ya karatasi, ya taa isiyowaka au ya gurudumu lililolika ni ya shule. Faini ya mwendo na ya kupita mahali palipokatazwa ni ya dereva. Dereva anayesimamishwa na polisi wa barabarani kwa sababu bima ya gari ilikwisha wiki iliyopita, kisha akatoa pesa mfukoni mwake ili watoto wasichelewe, atakuwa ameanza kuondoka siku hiyo. Bima, ukaguzi wa gari na kodi ya mwaka viwe na tarehe zake kwenye ukuta wa ofisi ya mhasibu, na nakala zikae ndani ya gari.

Na ajali. Madereva hawaisemi kwenye mahojiano, lakini hilo ndilo wanaloliogopa kuliko yote: kumgonga mtu, umati kukusanyika, kulala rumande huku shule ikizima simu. Weka kwenye mkataba kwamba ajali ikitokea, kiongozi wa shule aliyetajwa kwa cheo atafika mahali pale saa ile ile. Kwamba shule itamtafutia wakili. Kwamba mshahara wake hautasimama wakati uchunguzi ukiendelea, na familia yake itapewa habari. Andika pia namba za kupiga na mpangilio wake, uzibandike karibu na usukani. Ikiwa dereva alikuwa amelewa au alikuwa anabeba abiria wa siri, kinga hiyo haimhusu, na hilo liandikwe vilevile. Sijaona sentensi nyingine ndani ya mkataba inayotuliza moyo wa dereva kama hizi, na kwa shule ambayo ajali haijaipata hazigharimu kitu.

Mamlaka yake ndani ya basi

Mtoto anayesikia mzazi akimwita dereva "wewe shofere" dirishani atamwita hivyo hivyo, na baada ya mwezi mmoja hatamsikiliza. Siku ya ufunguzi mtambulishe dereva mbele ya wazazi pamoja na walimu, kwa jina lake, na watoto wamwite papa kama wanavyowaita watu wazima wengine. Kanuni za basi ziwe kanuni za shule: anayesimama gari likienda au kumpiga mwenzake anaitwa na mkurugenzi wa nidhamu, na ripoti ya dereva inasomwa. Aalikwe kwenye mkutano wa walimu angalau mwanzoni mwa kila muhula, aeleze njia ipi imeharibika na mtoto gani hachukuliwi na mtu yeyote jioni. Mara nyingi yeye ndiye mtu mzima wa kwanza wa shule kumwona mtoto asubuhi, na anajua nani ametoka nyumbani akilia.

Namba yake ya simu isigawanywe kwa wazazi wote. Mtu anayeendesha asijibu simu, na mzazi mwenye wasiwasi hawezi kujizuia kupiga. Mhasibu au katibu ndiye awe na kundi la wazazi, na mama wa basi ndiye aandike kwamba gari limechelewa kwa dakika 10 kwa sababu ya mvua. Kuhusu kungoja mtoto mlangoni, wekeni dakika mbili na mzifuate. Dereva anayengoja dakika 7 kwa familia moja anawachelewesha watoto wote wanaofuata, na mwisho wa njia ndiye anayekaripiwa.

Atakapoondoka

Wengine wataondoka hata ukifanya yote haya. Kisheria, notisi ya mwajiri katika mkataba usio na kikomo huanzia siku 14 za kazi na huongezeka siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, na ya mfanyakazi ni nusu yake. Kwa dereva wa mwaka mmoja hizo ni kama siku 10, ambazo hazitoshi kumpata mwingine na kumfundisha njia. Kwa hiyo patana naye mapema juu ya bakshishi ya kumaliza mwaka, inayolipwa Julai kwa aliyefika mwisho, na uwe na dereva wa akiba anayepanda gari mara moja kwa mwezi na kulipwa siku hiyo, ili watoto wamjue naye avijue vituo vyao.

Anayepata kazi ya mgodi agana naye vizuri, umpe cheti cha kazi bila kumzungusha, na umwombe wiki moja ya kukaa kando ya mrithi wake. Katika wiki hiyo aandike daftari la njia: jina la kila mtoto, mahali anaposhukia, nani anaruhusiwa kumpokea, nyumba yenye mbwa, kona inayojaa maji Februari, na saa ambayo malori huziba Barabara ya Likasi. Daftari hilo libaki ofisini, na dereva mpya aongeze humo kila anachokiona.